Kukata Treni Saranda

Zamani, mzigo ukizidi nguvu za injini,
hatukuuacha Kintinku ulale na fisi.
Tulikata treni.
Tulitangulia na mabehewa kumi, tukayapandisha ukuta wa Saranda
kwa mwendo wa mtu anayetoka msibani,
tukayafunga breki kule juu, mawe chini ya magurudumu,
tukarudi kuyafuata mengine.
Kilo haikupungua hata moja.
Kilichopungua ni kilima.

Nimeyakumbuka haya leo, Bahi, kwenye duka la dawa,
nimeegemea kabati la kioo, kofia mkononi,
Mwajabu, binti wa Kondoa, akibonyeza kikokotoo.
"Laki nne na thelathini na mbili, mzee. Za mwaka mzima."
Akanitazama. Nikatazama feni.
Pensheni yangu huingia kwa mlio mmoja wa simu,
na haijamaliza kulia
imekwisha kuahidiwa watu wanne.

Mwajabu hajui habari za wembe.
Hajui kwamba tangu mavuno ya mpunga
kila alfajiri naweka kidonge juu ya kifuniko cha chupa ya chai,
nakikata katikati,
nusu ya leo, nusu ya kesho,
na unga unaobaki naulamba kidoleni
kama mtoto aliyeachiwa sufuria.
Daktari wa Jenero aliandika kimoja.
Mimi nikasoma nusu.
Moyo nao ukasoma nusu:
unapiga, unapumzika, unapiga,
miguu ikajaa maji
mwaka uleule bomba la mtaa lilipokauka.

"Kwani lazima ulipe kwa mkupuo?"
Akatoa kadi ya manjano, ngumu,
akapiga mistari kwa rula, Januari, Februari,
akashuka nayo hadi Desemba.
"Thelathini na sita elfu kila mwezi. Dawa unachukua kamili,
hela inakuja nyuma yake polepole."
"Na riba?"
"Riba hakuna. Ila ukiruka mwezi nakufuata. Kwako napajua."

Mimi niliyewahi kusaini mizigo ya tani na tani,
mkono ukasita.
Nina miaka sabini na minane.
Deni la miezi kumi na miwili ni refu
kwa mtu aliyebakiwa na siku fupi.
"Nikifa Agosti?"
Hakucheka, wala hakusema Mungu apishe mbali.
"Andika Januari kwanza."

Nikaandika. Amoni Ndahani.
Chini yake mstari mwingine ulikuwa mtupu.
"Na huu?"
"Wa mama. Hesabu ni ya wote wawili, mzee, hukunisikia?
Hajaja kuchukua vya presha tangu Kwaresima.
Nikadhani mmehamia dawa za Jenero."

Tangu Kwaresima.
Na kila asubuhi, mbele yangu,
Sechelela huitikisa bahasha yake ya kaki,
nasikia vitu vinagongana ndani,
ananigeuzia mgongo, anakunywa maji.
Nilipofika nyumbani alikuwa kisimani.
Nikaifungua.
Punje za mtama. Saba.

Sikusema neno. Nikautafuta wembe,
nikautupa shimo la choo.
Aliporudi akaiona kadi, akalisoma jina lake,
akailaza juu ya redio, maandishi chini,
kama mtu anayefunika chungu.
Kisha akaja na kikombe kimoja cha maji, tukagawana.
Akameza chake, akakunja uso.
"Kichungu."
"Ulikisahau."
"Sikukisahau," akasema, akanipokonya kikombe.

Upande wa Saranda treni ya mizigo ilikuwa ikiomba njia.
Nikaanza kuhesabu mabehewa kwa sikio, kama zamani.
Kumi na moja, kumi na mbili.
Sikumaliza. Aliniuliza kama pensheni ya mwezi huu
itawahi tarehe ishirini na tano,
nikasema sijui,
tukaanza kupanga kipi kisubiri.